Zimwi likishindwa halifi: sheria ya jani tuliyocheza Mpofi wakati wa vita

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mjini na wa milimani. Na ninyi mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata neno, nawaona pia, karibuni.

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kaskazini. Kiswahili changu nimekipiga pasi kidogo kwa ajili yenu, lakini mkiona "njo" ya ndio na "ao" ya au zinachungulia, mjue nguo imekunjamana tena. Msinisahihishe, nimeshazeeka nacho.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, kwa macho haya na magoti haya. Magoti mtaelewa mbele. Majina nimebadili, mengine yote ni vile vile. Mnaojiandaa kusema "chai", leteni sukari, mkae, msikilize hadi mwisho.

Sababu ya uzi huu ni binti yangu wa mwisho, Neema.

Juzi alikuwa sebuleni na rafiki zake wanacheza gemu ya kadi za mazimwi. Kila kadi ina picha ya dude la ajabu, na namba za nguvu zake, mnapambanisha. Wakaanza kubishana: zimwi likishapigwa, linaenda wapi? Mmoja anasema linatupwa, mwingine anasema linarudi mkononi.

Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu. Nikaingilia kama bingwa. Nikasema, "Linalazwa pale pale, linafunikwa na jani, halafu mtu wa tatu analiinua."

Watoto wakanitazama kama nimetoka shimoni. Neema akauliza, "Papa, iyo sheria ulitoa wapi?"

Nikamwambia asubiri. Jibu lake ni refu, na mtoto alikuwa na wageni. Njo maana nawaletea ninyi.

Twende.

Mimi ni mzaliwa wa Butembo. Sisi watu wa Butembo ukitutupa porini asubuhi, jioni utakuta tumefungua butiki. Mimi niliifungua Mpofi, Walikale, na mke wangu Kavira. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, betri, na balo za nguo za mitumba kila gari lilipofika.

Kwa wasiojua: Masisi ya juu ni majani na ng'ombe. Kirolirwe, kwa mfano, ni ng'ombe mpaka macho yanachoka. Lakini ukiendelea upande wa Walikale majani yanaisha, msitu unaanza, na watu wake ni wakulima na wawindaji. Ni Wakristo wazuri tu, ila msitu nao wanauheshimu kwa namna yao.

Halafu vita ikaja.

Sitaeleza nani alipigana na nani. Mods watafunga uzi, na mimi mwenyewe sikuwahi kuelewa vizuri. Kwetu vita ilikuwa hivi: barabara imefungwa, magari hayaji, na kila siku kuna habari mpya ambayo hakuna aliyeiona kwa macho.

Katika balo ya mwisho kufika kabla barabara haijafungwa, Kavira alitoa koti la mvua la mtoto wa Ulaya. Mfukoni mwake kulikuwa na kadi, zimefungwa kwa mpira. Mazimwi matupu! Lenye pembe tatu linatema moto, lenye mabawa ya popo, moja kama jiwe lenye meno, na moja ni chura tu, chura wa kawaida mwenye macho makubwa.

Namba tulizisoma. Maandishi ya chini hakuna aliyeyaweza. Haikuwa Kifaransa, haikuwa Kiswahili, haikuwa kitu.

Basi tukajitungia mchezo. Namba kubwa inapiga ndogo. Lakini kona ya juu kulikuwa na alama, moto ao maji ao jiwe, tukakubaliana kwamba maji yanazima moto hata kama namba yake ni ndogo. Tulicheza mbele ya butiki, juu ya sanduku la sabuni. Barabara imefungwa, wakuu, mlitaka tufanye nini?

Shida ikaja hapo hapo. Zimwi likishindwa linaenda wapi?

Mwanzoni tulisema mshindi anachukua. Haikupita muda mrefu, watu wawili wana kadi zote na wengine wanaangalia tu na kununa. Siku moja mtu alirusha kiti. Kiti changu!

Hapo njo akaingia Papa Stani.

Msije mkafikiri namleta mzee wa busara. Papa Stani alikuwa mwindaji anayechechemea, mguu uliwahi kunaswa na mtego alioutega yeye mwenyewe. Jumapili alikuwa katekista, anasomesha watoto sala. Siku nyingine zote alikuwa mwizi wa kadi. Alizificha kwenye kofia! Na kushindwa hakukubali hata kidogo.

Siku hiyo jiwe lake lenye meno lilipigwa. Mshindi akanyoosha mkono achukue. Papa Stani akafunika kadi na kiganja.

"Apana! Usiguse! Kwetu nyama mukubwa ikianguka, sawa vile chui, mwenye kuiangusha hawezi gusa. Anawekaka jani yulu yake, anangoya. Jani ikisha kuwa pale, hata mwenye mukuki, hata mbwa, hakuna mwenye kugusa. Mpaka mutu wa tatu akuye, mwenye hakupiga na hakupigwa, njo anainua."

Tukacheka. Tukamwambia wacha uongo, umeshindwa. Lakini Mama Furaha, muuza ndizi na mawese aliyekuwa jirani yangu pale mbele, akasema bila kuinua kichwa, "Kwa nyama iko kweli. Kwa karata, sijui."

"Na mwenye kuinua, inakuwa yake?" nikauliza.

"Inakuwa yulu ya kichwa chake," Papa Stani akajibu. "Analinda. Mwenyewe akipata nguvu tena, anamurudishia. Lakini ikiuma mutu katikati pale, ni yeye njo anajibu."

Kwa hiyo mzee alitunga sheria kwa sababu ya wivu wa kadi moja. Hakuna zaidi ya hapo, na tulijua. Ila sheria ikanoga! Zimwi likianguka unaliwekea kipande cha jani pana, lile la kufungia chikwange, mkate wetu wa muhogo. Mtu asiyecheza raundi hiyo analiinua kwa mikono miwili bila kusema neno, anakaa nalo. Mwenyewe akishinda raundi nyingine, anarudishiwa. Hakuna aliyefilisika tena, na viti vyangu vikapona.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nahudumia wateja na sichezi sana, nilikuwa mtu wa tatu karibu kila mara. Kumbukeni hilo.

Sasa aje Bahati.

Bahati alikuwa mfugaji wa Kirolirwe. Zamani, kabla sijafungua Mpofi, nilikuwa nikipanda kule kununua jibini, na kwao nilikula na kulala. Vita ilipowakuta, njia ya kushuka mjini Sake ilikuwa imekatika. Mama yake alitangulia, akafika Sake. Yeye alibaki nyuma na ng'ombe, ng'ombe wakachukuliwa, akakimbilia upande usio wake. Akatokea butikini kwangu amevimba miguu, fimbo tu mkononi.

"Kaka Muhindo," akaniambia, "sina mutu mwingine huku."

Tukampa mahali pa kulala kwenye depo, kati ya magunia ya chumvi. Mtu mpole, mkubwa wa mwili, anapima chumvi vizuri kuliko mimi. Ila Mpofi hawakumpenda haraka. Walimwita mutu wa ng'ombe. Vita ilikuwa imewaambia watu wa msitu wawaogope watu wa majani, na watu wa majani wawaogope wa msitu, na kila upande ulikuwa na makaburi ya kuonyesha.

Na Bahati alikuwa na tabia moja.

Kila asubuhi alipanda kile kilima kidogo nyuma ya kanisa, anaangalia upande wa Masisi, anaita ng'ombe wake. Kwa sauti! Kwa majina yao, mmoja mmoja, na ule mluzi mrefu wa wafugaji mwishoni.

Ng'ombe wenyewe walishaliwa, alijua. Nilimuuliza anaita nini.

"Kinywa kinaita chenyewe," akasema. "Siku nitaacha kuita, njo nitajua kama wamekwisha kabisa."

Nikampa kikombe cha chumvi, tukaendelea kupima.

Halafu kulikuwa na Komanda. Jina lake silitaji, na kundi lake silitaji, msiulize. Alikuwa kijana wa maeneo yale yale, kabla ya vita alisukuma baiskeli za mawese kupita mbele ya butiki yangu. Sasa alikuwa na bunduki na vijana waliomtii, na bariyeri, kizuizi cha ubao, barabarani. Alikuwa anacheka upesi na kukasirika upesi, na hukujua kipi kinatangulia.

Naye aliupenda mchezo wetu. Alikaa kwenye sanduku la sabuni, bunduki magotini, anacheza na lile zimwi la pembe tatu la moto. Aliliita Pembe Tatu. Alishinda kila siku. Kwa nini alishinda, nadhani mnajua wenyewe.

Bahati peke yake hakujua. Mtu wa ng'ombe hajui kushindwa kwa heshima. Siku alipokaribishwa kucheza na Komanda, akaangalia kadi zake kwa utulivu, akatoa chura.

Chura, wakuu. Namba yake ndogo kabisa. Lakini alama ya kona ni maji.

Nilimwona Kavira amesimama mlangoni na kikombe cha kupimia chumvi, hakiendi guniani wala mfukoni.

Komanda akaangalia chura. Akaangalia Pembe Tatu. Kisha akaruka wima, "Jani! Leteni jani! Hajakufa! Amelala tu!" Akanyofoa jani kwenye kitunga cha Mama Furaha kwa mkono wake mwenyewe, akalifunika zimwi lake, haraka, kabla mtu hajaligusa.

Nikaliinua mimi kwa mikono miwili. Kesho yake akashinda raundi, nikamrudishia. Akaipangusa kadi kwenye shati lake kabla ya kuitia mfukoni. Kile kitendo kilinikaa kichwani, sijui kwa nini.

Siku chache baadaye habari zikawa mbaya. Mapigano yalisogea, na vijana wawili wa Komanda walitoka hawakurudi. Watu wakatafuta wa kulaumu. Na mtu, hadi leo sijui nani, akasema: kuna yule anayepanda kilima kila asubuhi na kupiga kelele upande wa Masisi. Anaita nani?

Wakaja butikini asubuhi. Bahati alikuwa anapima chumvi. Wakamfunga mikono kwa nyuma, wakampeleka bariyeri, wakamkalisha chini kwenye tope, miguu imekunjwa.

Nilifuata. Nilijaribu kusema, "Anaita ng'ombe tu, ni ng'ombe." Kijana mmoja akanisukuma kifuani na kitako cha bunduki, si kwa nguvu, kwa kunikumbusha tu. Nikarudi nyuma kwa watu.

Nyuma ya bariyeri kulikuwa na kijia kinachoshuka mtoni. Watu walioshushwa kile kijia hatukuwaona tena. Nasema wazi ili muelewe kilichokuwa kinamngoja. Bahati alikuwa anakitazama kile kijia, hakutazama mtu.

Kavira yeye alikwenda kumwita Papa Stani. Alimtaka kama katekista, aje aombee, aje aseme neno la Mungu, kitu chochote.

Papa Stani akaja anachechemea, kitabu cha sala kwapani. Na mkononi ana jani la chikwange.

Nilifikiri mzee amechanganyikiwa. Akapita katikati ya vijana, hakuna aliyemzuia kwa sababu nusu yao aliwafundisha Baba Yetu. Akafika kwa Bahati. Akamwekea jani begani.

"Amelala," akasema. "Hajakufa. Basi, mungoye."

Komanda akaja juu. "Muzee, toka pale! Uyu nilimukamata mimi. Iko wangu."

"Ndiyo, iko wako. Weye njo ulimuangusha. Njo maana hauwezi mugusa."

"Iyi haiko karata!"

"Na ile ya juzi ilikuwa karata? Ulilia jani sawa mutoto analilia maziwa."

Mama yangu! Niliona roho ya Papa Stani inafungasha mizigo. Komanda mkono wake ulikuwa kwenye mkanda wa bunduki.

Halafu nyuma yetu mtu akacheka. Mama Furaha. Kicheko kilimtoka tu, nadhani ni woga, kuna watu woga wao unatoka hivyo. Na kwa kuwa alishacheka, akaona amalizie.

"Komanda, ile jani ilitoka mu kitunga yangu. Mpaka leo haujaniambia hata aksanti."

Watu wawili watatu wakaguna kile kicheko cha puani. Vijana wa Komanda wakaangalia chini, kwa sababu na wao walikuwepo siku ile, na wao waliona. Nusu ya kijiji iliona. Alifunika zimwi lake kwa sheria ya msitu, mchana kweupe, na mtu wa ng'ombe akaiheshimu, hakunyoosha mkono.

Komanda akatazama jani, akatazama vijana wake. Sijui alifikiri nini. Watu wengi wameniuliza na jibu langu ni hilo, sijui. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini:

"Mutu wa tatu iko wapi?"

Wakuu, kijiji kizima kikageuka kunitazama mimi.

Walikuwa na haki. Wao ni wa msitu, walishapigwa na vita na walishapiga. Bahati ni wa majani. Mimi ni wa Butembo, mtu wa chumvi na sabuni, sikupiga wala sikupigwa. Na mchezoni nilikuwa mtu wa tatu siku zote.

Lakini mchezoni nilikuwa nainua karatasi! Hapa nikimwinua, anakuwa juu ya kichwa changu. Mtu akifa kesho, nyumba ikichomwa kesho, watasema ni yule wa Muhindo, na Komanda atajua butiki iko wapi. Na Kavira alikuwa na mimba ya kwanza.

Magoti yangu yakagoma. Si maneno ya stori, yaligoma kweli. Nikayaambia twende, yakakataa.

Kidole cha Kavira, aliyerudi na mzee, kikanichoma mgongoni. Akasema polepole, sikioni, "Enda. Ukibaki apa, utabaki apa siku zote."

Nikaenda.

Komanda akanisimamisha. "Papa Butiki, unajua sheria? Akiuma mutu?"

"Ni mimi njo nitajibu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kuku.

"Asubui asiite tena."

"Hataita tena."

Akasogea pembeni.

Nikainama, nikampitisha Bahati mikono chini ya kwapa, miwili, bila neno, kama sheria inavyotaka. Nikavuta. Wakuu, yule mtu ni mzito! Na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa imekunjwa. Akapanda kidogo, akaniegemea, magoti yangu yakakumbuka kwamba yalikuwa kwenye mgomo, na tukaanguka wote wawili kwenye tope, mimi chini, yeye juu. Jani likanibandika usoni.

"Jani! Chunga jani!" Papa Stani anapiga kelele.

Kijana mmoja wa bunduki akauliza, kwa dhati kabisa, "Sasa na awa wawili, nani atawainua?"

Komanda akapasuka kicheko. Alicheka mpaka akashika ubao wa bariyeri. Watu wote wakacheka, mimi chini ya Bahati nacheka, na nilihisi mbavu za Bahati nazo zinacheka ao zinalia, sikujua. Hapo nikajua tumepona. Mtu akishacheka hivyo, hawezi tena kukushusha mtoni siku hiyo.

"Butiki, inua muzigo yako, uende," akasema, anafuta macho.

Nikambeba mgongoni hadi nyumbani. Kavira akamkata Bahati kamba, akatupatia uji, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia peke yake. Akarudi akaanza kunigombeza kwa nini nimechafua shati.

Jani alilikausha, akalitundika kwenye msumari wa mlango wa butiki.

Bahati alikaa kwetu hadi barabara ilipofunguliwa. Kilimani hakupanda tena. Lakini kinywa kilikuwa kinaita chenyewe, kwa hiyo Kavira alimwambia aitie ndani ya depo, mlango umefungwa, sauti ndogo. Kila asubuhi nilimsikia anayaita magunia ya chumvi kwa majina ya ng'ombe. Sikuwahi kumcheka kwa hilo. Kwa mengine nilimcheka sana.

Na hakumuuma mtu. Siku zilipita, mtu wa ng'ombe akawa mtu wa jani, na wanawake wakaanza kumpa watoto awashikie wakija kununua.

Kamio ya kwanza, lori la mizigo, ilipopatikana tukapanda, mimi na yeye, na jani lake mkononi, tumelitungua msumarini. Bariyeri, kijana akachungulia. Akasema tu kwa wenzake, "Ni ule wa jani. Pitisheni."

Sake tukamtafuta mama yake, tukamkuta sokoni anauza maharage. Sitaelezea yule mama alivyopiga kelele. Nilipopata nafasi nikamwambia maneno ya mchezo, kwa sababu niliona lazima niyaseme: "Mwenyewe amepata nguvu, namurudisha." Hakuelewa hata moja, alinikumbatia na sufuria mkononi. Nilikula sahani nzima ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale sokoni, na niliposhiba njo nikagundua kwamba tangu siku ile ya bariyeri sikuwa nimesikia ladha ya chakula. Mzigo ulishuka kichwani, jamani. Ulishuka kweli.

Komanda baadaye aliondoka na vijana wake, sijui yuko wapi. Papa Stani alifariki kitandani kwake, mzee kabisa, na nimeambiwa kofiani walikuta kadi.

Sasa turudi kwa Neema.

Wageni walipoondoka nikamhadithia yote haya. Akaniuliza kama kuna kadi hata moja iliyobaki. Ninayo. Bahati alinipa chura siku ile Sake. Nikaileta kadi, imechakaa, kona zimeliwa. Neema akaipiga picha na simu, simu ikatafsiri yale maandishi ya chini ambayo hakuna aliyeyasoma Mpofi.

Akanisomea. Kwamba zimwi lililoshindwa linapelekwa kwenye rundo la makaburi, na halirudi tena mchezoni.

"Papa," akasema, "mulicheza vibaya."

Nilikaa na hilo neno jioni nzima. Tungejua kusoma ile lugha, tungecheza sawasawa. Mshindi angetupa kadi makaburini, Papa Stani angekosa pa kuingilia na uroho wake, na Komanda asingewahi kulilia jani mbele ya watu.

Kama mnataka funzo, langu ni hilo: sheria mnayoichezea sebuleni, mtu akiishika kwa ajili yake mara moja mbele za watu, mkumbusheni zamu ya mwingine ikifika. Na mkiulizwa mtu wa tatu yuko wapi, nendeni, hata na magoti mabovu.

Jana asubuhi nikampigia Bahati. Siku hizi yuko tena upande wa Kirolirwe, ana ng'ombe wachache. Nikamwambia habari za makaburi.

Akauliza, "Iliandikwa pale pale? Chini ya chura?"

"Pale pale."

"Na siye tulikuwa tunaangalia picha." Akaanza kucheka kile kicheko cha mbavu ninachokijua. "Kaka Muhindo, aksanti Mungu hatukujua ile luga!"

Kisha akasema, "Ngoya kidogo, usikate." Nikasikia anaiweka simu chini kwenye majani. Na akaanza kuita. Nje, kwa sauti yote, kwa majina, mmoja mmoja, na ule mluzi mrefu mwishoni.

Na ng'ombe wakaitika.

Sikukata. Nilisikiliza mpaka salio likaisha.

Haya wakuu, mimi nimefika mwisho. Uwanja nawaachia: huko kwenu, aliyeanguka anakuwa wa nani, na nani anaruhusiwa kumwinua? Wachezaji wa kadi nanyi semeni mlicheza vipi. Na wewe wa chai, sukari imetosha ao tuongeze?